Babu Hakuwa Akiota Jua

Picha ile ipo sebuleni kwetu Bulyaga, juu ya kabati la vyombo, ndani ya fremu yenye rangi ya dhahabu aliyokuja nayo baba mdogo Gwakisa wakati wa msiba. Babu amekaa kwenye benchi la mawe, koti lake jeusi la kanisani limefungwa vifungo vyote, fimbo iko katikati ya magoti, na nyuma yake ni bandari ya zamani ya Marseille, na boti zake nyeupe, ngome zake, maji yake ya buluu na jua lisilo na adabu. Kila mgeni akiingia husimama hapo kwanza. "Mzee alifaidi," husema. "Mwone anavyoota jua la Ulaya." Mama humkaribisha chai, na mimi hufunga mdomo, kwa sababu mama alishanionya nisiwaharibie watu chai yao.

Hapa hakuna chai ya mtu, kwa hiyo nitasema. Babu hakuwa akiota jua. Babu alikuwa ameikimbia nyumba ya mwanawe, na aliyempiga picha ile alijua vizuri alichokuwa anakimbia na kwa nini. Akapiga hivyo hivyo, akaitafutia fremu, akapanda nayo ndege kuja kutuonyesha jinsi alivyomtunza baba yake. Kila nikiipangusa vumbi hasira hunipanda upya. Naipangusa kwa sababu babu yumo.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Kyimo, kule Rungwe, nami nilikuwa darasa la tatu. Nyumba ya babu ilikuwa chini, yetu juu, na katikati migomba. Bibi alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mama ndiye aliyempikia babu, lakini aliyepeleka sahani ni mimi. Mama hakuwahi kukanyaga kwa babu, na babu hakuwahi kusogea jikoni kwetu. Babu akitaka kupita njia ya kisimani, alikohoa kwanza pale kwenye kona yenye mparachichi. Mama akisikia kikohozi kile, hata kama ana ndoo ya maji kichwani, aliiacha njia, akaingia kwenye migomba, akageuka akampa mgongo, akasubiri. Mvua ikinyesha alisubiri kwenye mvua. Babu alipita akiangalia miguu yake. Hakuna salamu, hakuna neno, na mama alirudi njiani akaendelea na safari yake kama mtu aliyepisha ng'ombe.

Mimi nikaelewa kama mtoto anavyoelewa: hawa wamegombana. Nyumba nyingine pale Kyimo nazo zilikuwa na mambo yanayofanana na hayo, lakini mtoto haangalii nyumba za watu, anaangalia yake. Nikatunga mpaka sababu ya ugomvi. Niliamua kwamba chanzo ni ng'ombe wetu mwenye pembe iliyovunjika, maana sikuona kitu kingine pale nyumbani chenye thamani ya kugombaniwa. Nilikuwa upande wa mama siku alizonipikia ndizi kwa maziwa, na upande wa babu siku aliponikatia muwa. Kumuuliza mtu sikuthubutu. Ugomvi wa wakubwa haukuwa kitu cha kuulizia, labda uwe umechoka na masikio yako.

Sasa baba mdogo Gwakisa. Huyu ni mdogo wake baba, kitinda mimba wa babu. Alikwenda kusomea ufundi wa injini za meli, akapata kazi kule kule Marseille, akaoa kule kule, mwanamke anaitwa Sabina, wakapata mtoto wa kiume. Habari ya mtoto ilipofika, babu hakutaka picha wala simu. Alisema kitu kimoja tu: anataka kumpakata mjukuu wake na kumpa jina kwa mdomo wake mwenyewe. Jina alikuwa nalo tayari. Lusajo, jina la kaka yake aliyemlea. Alisema jina halitumwi kwenye simu kama vocha.

Baba mdogo akatuma tiketi ya mtu mmoja. Babu akamjibu kwamba haendi bila Atu. Atu ni mimi, Atuganile. Baba mdogo alilalamika sana, nasikia, lakini mwisho akatuma na ya pili. Nami muhula ule nilikuwa nimeshika namba moja darasani, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa na mtu. Kichwa kilinivimba. Nilitangaza shule nzima kwamba nimechaguliwa kwenda Ulaya kwa sababu ya akili zangu, na aliyebisha nilimwambia naye ashike namba moja tuone kama babu yake atamchukua.

Uwanja wa ndege baba mdogo alikuja kutupokea na mke wake. Sabina alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele za rangi ya mahindi makavu, na mtoto alikuwa amemfunga kifuani kwa kitambaa. Alipotuona alifurahi. Lazima niseme hivyo maana ni kweli, alifurahi sana. Akaja mbio mikono wazi, akasema "Shikamoo baba!" kwa sauti ambayo ilionekana ameifanyia mazoezi, halafu akamshika babu mabega ili ambusu mashavu, maana huko ndivyo wanavyosalimiana, shavu kwa shavu.

Babu aliruka. Sijawahi kuona mzee akiruka namna ile. Alijirusha nyuma akaligonga toroli la mizigo la mtu mwingine, fimbo ikaanguka, kofia ikaanguka, naye akageuka akajifunika uso kwa mikono miwili, pale pale mbele ya umati. Sabina alibaki ameinyoosha mikono yake hewani. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu, wekundu ukapanda mpaka masikioni. Na baba mdogo alicheka. Alicheka, akaokota kofia, akamwambia mkewe maneno kwa Kifaransa, na Sabina akamkumbatia mtoto kama mtu aliyeambiwa kuna mwizi.

Mji wenyewe sitausifu. Najua wapo watu wanaokusanya pesa maisha yao yote ili waende kuuona. Mimi niliuona bure na sikuupenda hata siku moja. Nyie mliokua Rungwe mnajua tulivyokwenda shule na sweta zisizokauka, na jua likitoka watu wanaanika mahindi haraka haraka kabla halijabadili mawazo. Kule jua lilikuwa halina pa kwenda. Lilipiga kuta nyeupe, kuta zikalirudisha machoni, maji nayo yakalirudisha, nikawa natembea nimefinya uso kutwa nzima. Kulikuwa na upepo mkavu uliochuna ngozi ya midomo. Asubuhi wavuvi waliuza samaki kwenye meza pale bandarini, samaki wengine bado wanafungua midomo, na ndege wakubwa weupe walimnyang'anya mtu mkate mkononi bila aibu. Juu ya kilima kulikuwa na kanisa lenye sanamu ya dhahabu, na kila mtu aliyetuona alitunyooshea kidole kule juu tukaangalie. Tuliangalia. Babu alichosema ni hiki: "Mji usiopata mvua, uso wake unanawia nini?"

Nyumba ya baba mdogo ilikuwa ghorofani, vyumba viwili na ukumbi mwembamba. Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Kyimo kulikuwa na migomba. Mtu akikohoa, mwenzake ana pa kuingia. Pale hapakuwa na mgomba hata mmoja. Ukitoka chumbani uko ukumbini, ukitoka ukumbini uko jikoni, na bafu lilikuwa limegusana na mlango wa chumba cha Sabina. Babu alikohoa kabla ya kufungua mlango. Alikohoa akitoka, akakohoa akirudi, akakohoa akitaka kwenda bafuni, kisha akasimama nyuma ya mlango akisubiri nyayo za Sabina ziondoke, na hazikuondoka, kwa sababu Sabina hakujua kwamba anatakiwa aondoke. Siku ya tatu au ya nne nilikuta chupa ya dawa ya kikohozi pembeni ya kitanda cha babu, na kijiko juu yake. Sabina alikuwa amemnunulia.

Babu aliinywa. Asubuhi na jioni, mpaka ikaisha, ingawa hakuwa na kikohozi chochote. Nilipomuuliza kwa nini anakunywa dawa na haumwi, alisema, "Imetoka kwa mkwe." Basi.

Lakini mbele ya Sabina hakusema neno. Kila asubuhi yule mwanamke alisimama mlangoni pa jikoni akasema "Shikamoo baba," na babu akageukia ukuta akaguna. Sabina akikaa mezani, babu aliinuka na sahani yake. Sabina akiingia sebuleni, babu alitoka nje kwenye kibaraza chembamba, akasimama amempa mgongo, akiangalia nguo za majirani zilizoanikwa. Mwanzoni Sabina alijaribu kumfuata. Alimpelekea kiti. Alimpelekea matunda kwenye bakuli. Babu akijua yuko nyuma yake alizidi kusogea, mpaka tumbo lake likagusa vyuma vya kibaraza. Baada ya hapo vitu vyote vilipita kwangu. Sahani kutoka kwa Sabina kwenda kwa babu, sahani kutoka kwa babu kwenda kwa Sabina, taulo, chai, kikombe. Mimi namba moja wa darasa zima nikawa mhudumu wa hoteli, na hakuna aliyeniuliza jedwali la kuzidisha hata mara moja.

Nilikasirika, nikamchukia Sabina kwa bidii. Nilichukia harufu yake ya sabuni, sabuni fulani ya kijani iliyotengenezwa kwa mafuta ya zeituni, vipande vikubwa kama matofali, ambayo ilinukia nyumba nzima. Hata leo nikiisikia kwa mtu naondoka. Niliona wazi kwamba babu naye amemchukia kama alivyomchukia mama, na kwamba safari hii hakuna ng'ombe wa kumsingizia.

Na mtoto je? Mtoto hakupakatwa. Wazo lilikuwa kwamba akishaoga na kunyonya, Sabina atanipa mimi, nami nitampeleka kwa babu. Babu aliniambia hivyo siku ya kwanza tu. Alivaa koti lake la kanisani akakaa kitandani akasubiri. Nikaenda kwa Sabina nikasema, "Babu anamtaka mtoto." Sabina alinitazama, akatazama mlango, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "Aje mwenyewe. Mimi ni mama, niko hapa. Aje." Nikarudi nikamwambia babu kwamba wamesema aje mwenyewe. Babu alivua koti, akalikunja. Kesho yake alilivaa tena.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kwenda bandarini. Alikunywa chai, akakohoa, akanishika mkono tukashuka ngazi, tukaenda kukaa kwenye lile benchi mpaka jioni. Hakuwa na kofia ya jua wala miwani. Jasho lilimtiririka ndani ya koti na hakulifungua. Mchana tulikula mkate. Nilimsumbua turudi nyumbani, naye akasema, "Mkwe wangu yuko nyumbani na mtoto mchanga. Akitaka kukaa miguu wazi akae. Akitaka kuimba aimbe. Nikiwa mle ndani ataishi kama mfungwa." Mimi nilisikia tu kwamba hamtaki. Mnaona jinsi masikio ya mtoto yalivyo? Maneno yalifika yote, na bado nikaelewa kinyume.

Mchana mmoja baba mdogo alikuja kutukuta pale benchini, kazini kwake hakukuwa mbali. Alikuja na simu mpya yenye kamera. Babu hakuwa mtu wa maneno mengi lakini siku ile alizungumza, Kinyakyusa kitupu, na mimi nilikuwa katikati yao nikila mkate.

"Gwakisa, mkeo umemweleza?"

"Nimweleze nini, baba?"

"Kwamba mkwe hatazamwi uso. Kwamba simkatai. Namheshimu kuliko hata mwenyewe anavyojua. Mimi siwezi kumwambia, wewe ndiye mdomo wangu. Mweleze."

Baba mdogo alicheka kile kicheko chake cha uwanja wa ndege. "Baba, huku mambo hayo hayapo. Nikianza kueleza hayo wataniona nimetoka porini. Nilishawaambia wazazi wake kwamba kwetu ni watu wa kisasa."

"Basi mweleze yeye peke yake. Neno moja. Anipatie mtoto kwa mkono wa Atu, nimtaje jina, nirudi kwangu."

"Nitamwambia."

"Lini? Siku zinakwisha. Mtoto ana..."

"Baba, inua uso kidogo. Hapo hapo. Hiyo itatoka nzuri fijo, nzuri sana."

Akapiga picha. Ndiyo hiyo iliyoko kwenye fremu. Ukiiangalia vizuri utaona mdomo wa babu uko wazi kidogo. Wageni husema anatabasamu. Alikuwa hajamaliza sentensi.

Jioni moja Sabina aliniita jikoni. Alikuwa amelia, macho yamevimba, ametandaza vitunguu mbele yake ili nidhani ni vitunguu. Akaniuliza taratibu, neno moja moja, "Atu. Babu ananichukia? Kwa sababu mimi ni mzungu?" Nikafikiri, kwa sababu mimi ni mtoto mkweli, nikamjibu, "Hapana, siyo uzungu. Hata mama yangu hasemi naye. Ndivyo alivyo na wake za watoto wake." Sabina alitikisa kichwa mara nyingi. Nilimwona kabisa moyo wake unavyojifunga. Sijilaumu. Nilikuwa darasa la tatu, na nilimwambia kila nilichokuwa nacho. Mtu mzima aliyekuwa na jibu lenyewe alikuwa sebuleni anaangalia mpira.

Siku ya kuondoka babu alivaa koti asubuhi mapema, akanifunga nywele yeye mwenyewe ingawa hakujua, akakaa kitandani mlango ukiwa wazi. Mizigo ilikuwa ukumbini. Akamwita baba mdogo. "Niletee mtoto. Mpokee kwa mama yake, mpe Atu, Atu anipe mimi. Sitakaa naye. Nitamtaja jina tu."

Baba mdogo akaingia chumbani kwa Sabina, akafunga mlango. Tulisikia sauti zao, yake ya chini, ya Sabina ikipanda. Kisha mtoto akaanza kulia, kilio cha mtoto mwenye afya, cha kupasua dari. Mlango ukafunguka, baba mdogo akatoka mikono mitupu, akaurudisha mlango nyuma yake, akasema, "Mtoto amelala, baba."

Mtoto alikuwa analia. Tulikuwa pale sote watatu, na mtoto alikuwa analia.

Babu alimwangalia mwanawe kwa muda. Nilitamani ampige fimbo. Hata leo natamani. Lakini alisema, "Haya. Asiamshwe," akachukua kofia yake, akakohoa kwenye ukumbi kama kawaida ili Sabina asije akatokeza wakakutana, tukashuka ngazi.

Tuliporudi Kyimo mvua ilikuwa inanyesha, na mimi nilisimama uani nikainua uso nikaiacha iniloweshe. Mama alikuwa jikoni anamenya magimbi. Nikamsimulia yote, nikamalizia kwa kusema kwamba babu ameshagombana na mkwe mwingine tena, na kwamba safari ijayo aende mwenyewe.

Mama aliweka kisu chini. "Kagombana na mkwe mwingine? Wa kwanza nani?"

"Si wewe."

Sikuwahi kumwona mama ameshangaa hivyo. "Gwe Atu, nani kakwambia nimegombana na babu yako? Yule mzee nilipojifungua wewe alinitumia ng'ombe wa maziwa, yule mwenye pembe mbovu. Akijua niko njiani anakohoa ili nisitaharuki. Nisimwangalie usoni, naye asiniangalie, hiyo ndiyo heshima ya mkwe. Ningemwangalia, ndiyo ungekuwa ugomvi." Akanitazama, akaona bado sijafika mwisho wa hesabu, akanisaidia. "Unadhani alikuchukua kwa nini? Ataishije nyumba moja na mkwe bila mtu wa kupokea na kupeleka? Alikuchukua uwe mkono wake."

Kwa hiyo siyo akili. Namba moja yangu haikuwa na kazi yoyote. Nilikuwa mkono, na nilirudi mtupu. Niliona aibu kwa ajili ya shule nzima niliyoitangazia, halafu aibu ikaisha ikabaki hasira, na hasira haikuwa ya babu, wala ya mama, wala ya Sabina mwenye harufu ya sabuni. Nilijua sasa inapotakiwa kwenda. Nilikuwa nimekaa katikati pale benchini. Nilisikia "nitamwambia."

Miaka ilikwenda. Baba mdogo alipiga simu sikukuu zote, akauliza hali ya mvua. Mtoto aliitwa Mateo. Babu hakulitamka jina hilo hata siku moja. Kila akila kitu kizuri alisema, "Hiki Lusajo wangu angekipenda," na wageni walidhani ana mjukuu anayeishi karibu. Aliendelea kukohoa pale kwenye mparachichi, na mama aliendelea kuingia kwenye migomba, wote wawili wakizeeka, yeye akitembea polepole zaidi na mama akisubiri muda mrefu zaidi.

Babu alipofariki, baba mdogo alikuja na familia nzima. Turubai lilikuwa limefungwa uani, wanawake wamejaa kwenye mikeka, masufuria ya chai hayashuki motoni. Yeye alishuka kwenye gari ya kukodi amekumbatia fremu, akaisimamisha juu ya meza mbele ya jeneza kabla hajasalimia mtu, na watu wakaanza kusema mzee alifaidi. Sabina alikuwa na mvi kidogo. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, maana aliendelea kujifunza, hata sijui kwa ajili ya nani. Mateo alikuwa amekuwa kijana mrefu mwenye paji la uso la babu.

Ikafika saa ya kuaga mwili. Wanawake tulipanga mstari. Mama alikuwa mbele yangu, Sabina mbele ya mama. Sabina alisogea kwenye jeneza akasimama wima, uso mkavu, kama mtu anayelipia kitu asichokinunua. Kisha akakaa pembeni, na ikawa zamu ya mama. Mama alishusha khanga kutoka kichwani mpaka kidevuni, akajifunika uso wote, akainama, akapita mbele ya jeneza akiwa haoni kitu, nami nimemshika kiwiko asijikwae. Mkwe wake alikuwa amekufa na bado hakumwangalia.

Sabina aliona. Alimfuata mama nyuma ya nyumba, kule jikoni, nami nilikuwepo. "Dada," alisema, "kwa nini umefunika uso? Na yeye alikuchukia?"

Mama alinitazama mimi kwanza. Halafu akamweleza, palepale kati ya masufuria, kwa maneno yasiyozidi yale aliyonieleza mimi. Mkwe hatazamwi. Anapishwa. Anapikiwa, lakini kwa mkono wa mtoto. Sabina alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika ukingo wa meza.

"Na kukohoa?" aliuliza. "Alikuwa anakohoa kila wakati. Nilimnunulia dawa."

"Kukohoa ni hodi yake," mama alisema. "Alikuwa anakupisha."

"Aliinywa yote," nikasema mimi. "Alisema imetoka kwa mkwe."

Sabina hakulia mbele yetu. Aliomba khanga. Mama akavua yake ya mabegani akampa. Akarudi uani, watu wakashangaa maana mstari ulikuwa umeshaisha, akamshika Mateo mkono akamweka mkononi mwangu. Kisha akajifunika uso mpaka kidevuni, akainama kama alivyoona mama akifanya, na tukapita mbele ya jeneza sote watatu. Mimi nikiwa katikati, kama ilivyotakiwa kuwa siku zile. Nikainama nikamwambia babu sikioni, "Huyu hapa Lusajo."

Baada ya mazishi baba mdogo alikuja kunitafuta. Nilikuwa nakusanya vikombe chini ya turubai. Sabina alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa ukoo, amempa mgongo, na alikuwa hajamjibu neno tangu makaburini. Baba mdogo alikuwa ameikumbatia tena ile fremu, jasho linamtoka na jua lenyewe halikuwepo.

"Atu, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nenda ukamwambie mama yako mdogo... mweleze kwamba nilikuwa kijana. Kwamba niliona aibu. Wewe anakusikiliza."

Nikamtazama usoni, maana yeye siyo mkwe wangu.

"Mwambie mwenyewe," nikasema, nikabeba vikombe vyangu nikaenda kumsaidia mama kuosha.